Taveta: mji wa mpakani wenye makaburi ya vita, na majina ambayo hayakuandikwa

Ukiingia Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta mji umejaa. Ni siku za soko: ndizi, nyanya, mahindi, viatu vya mitumba, na watu kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Katika mji huo huo kuna eneo lenye uzio, nyasi zilizofyekwa na mawe yaliyopangwa kwa mistari. Ni Makaburi ya Kijeshi ya Taveta. Wengi hupita hapo kila wiki bila kuingia, wakidhani ni mahali pa wazungu tu na hawana la kufanya humo.

Tumeandaa makala haya kwa msikilizaji anayetaka kutembelea Taveta na kuelewa anachokiona. Tutaeleza kwa nini vita vya Ulaya vilifika huku, ni vituo gani vya kuona njiani, na namna ya kusoma jiwe la kaburi. Tutaeleza pia jambo ambalo mawe hayasemi: sehemu kubwa ya waliokufa katika vita hivyo walikuwa babu zetu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina mahali popote.

Kwa nini vita vilifika Taveta?

Mwaka 1914 Kenya ilikuwa chini ya Waingereza na Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Ulaya mwezi Agosti mwaka huo, mpaka kati ya makoloni hayo mawili uligeuka kuwa uwanja wa mapigano.

Taveta iko kwenye uwazi kati ya Mlima Kilimanjaro na milima ya Upare. Upande wa Wajerumani, reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi. Upande wa Waingereza, reli kutoka Mombasa kwenda Nairobi na Ziwa Victoria ilipita Voi. Jeshi lililotaka kuvuka kutoka reli moja kwenda nyingine katika eneo hilo lilipaswa kupita Taveta.

Wajerumani ndio walioanza. Tarehe 15 Agosti 1914 waliiteka Taveta na kuishikilia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kutoka hapo walituma vikundi vidogo kuvuka nyika kavu kwenda kulipua reli karibu na Voi. Waingereza nao, kuanzia mapema mwaka 1915, walijenga reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi ili kusafirisha askari, mizinga na chakula. Katika nyika hiyo maji yalikuwa shida kuliko risasi, na ilibidi yaletwe kwa mabomba kutoka upande wa milima ya Bura.

Tukumbuke pia askari wenyewe walikuwa nani. Jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na maofisa wachache wa kizungu, lakini askari wake wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Upande wa Waingereza kulikuwa na askari kutoka Uingereza, India na Afrika Kusini, pamoja na kikosi cha KAR, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Kiswahili kilisikika katika mahandaki ya pande zote mbili.

Vituo vya njiani kutoka Voi

Ukitoka Voi unapita Mwatate, Bura na Maktau kabla ya kufika Taveta. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya lami, na sehemu yake hupita katika eneo la Tsavo Magharibi. Mara kwa mara utaona njia ya zamani ya reli ikienda sambamba na barabara. Ndiyo reli ile ya vita.

*Voi.* Karibu na mji kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri. Wengi waliozikwa humo walitoka mbali, hasa Afrika Kusini na Uingereza. Mmoja wao ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni wakati kikosi chake kinarudi nyuma. Wenzake walipokuwa wakimbeba, aliona majeruhi wengine wasioweza kuhamishwa, akasisitiza aachwe pamoja nao ili ajaribu kuwaokoa. Aliuawa hapo. Baada ya kifo chake alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

*Maktau.* Hapa palikuwa kambi kubwa ya Waingereza, na reli ilifika katikati ya mwaka 1915. Kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Wahindi hao hawakuja kufanya biashara wala kujenga reli ya Uganda. Walikuwa askari waliosafirishwa kwa meli kuja kupigana katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia.

*Salaita.* Kabla ya kufika Taveta utaona kilima kinachosimama peke yake katika uwanda. Kwa macho ni kidogo, lakini mtu aliyekaa hapo aliona vumbi la kila jeshi lililotoka mashariki. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia wakiwa na watu wapatao 6,000, wengi wao askari wapya kutoka Afrika Kusini. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa wachache zaidi, lakini walikuwa wamejificha vizuri. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, ambako palionekana mahandaki. Mahandaki yenye watu yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefichwa na vichaka. Washambuliaji walipokaribia walipokewa kwa moto mkali, wakarudi nyuma kwa hasara kubwa.

Waliowaokoa siku hiyo ni askari wa Kihindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi. Walisimama imara huku wenzao wakikimbia. Kabla ya hapo, baadhi ya askari wa Afrika Kusini walikuwa wakiwaita Wahindi hao makuli, kwa dharau. Baada ya Salaita, Wabaluchi waliwarudishia silaha waliyoiacha uwanjani, pamoja na ujumbe wa kuwaomba waache kuwaita hivyo.

Karibu na Salaita wenyeji pia huonyesha mbuyu, na kusimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akiwapiga risasi Waingereza ili kulipiza kisasi cha mumewe. Isikilize kama hadithi ya njiani.

Taveta yarudi mikononi mwa Waingereza

Mwezi uleule wa Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alifika kuchukua uongozi wa jeshi la Waingereza. Mwanzoni mwa Machi, badala ya kuipiga tena Salaita uso kwa uso, alituma sehemu kubwa ya jeshi lake kuzunguka kaskazini, upande wa Ziwa Chala. Wajerumani walipoona wanakaribia kuzingirwa waliiacha Salaita, kisha wakaiacha Taveta.

Lakini hawakwenda mbali. Ukisimama mjini na kutazama upande wa magharibi utaona vilima viwili, Latema na Reata, na uwazi kati yake ambao njia ya kwenda Moshi ilipita. Hapo palipiganwa mchana na usiku tarehe 11 na 12 Machi 1916. Askari wa Keya walikuwa miongoni mwa waliopanda vilima hivyo, na kamanda wa kikosi chao cha tatu, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wameondoka. Vita vikahamia Tanganyika, vikaendelea hadi Novemba 1918.

Namna ya kusoma jiwe la kaburi

Makaburi ya Taveta yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Kuingia ni bure. Hayana mlinzi wa kumwogopa wala fomu ya kujaza, ila ni makaburi: ingia kwa utulivu, usikalie mawe, usifunge mbuzi, usiache takataka.

Jiwe la kaburi la kijeshi huandikwa mambo machache kwa utaratibu. Kwa kawaida utaona namba ya askari, cheo chake, jina, kikosi na tarehe ya kifo. Mara nyingi huwa na alama ya dini na nembo ya kikosi. Mambo haya machache yanaweza kukufundisha mengi ukiyapitia taratibu.

Anza na tarehe. Ukiona mawe kadhaa yenye tarehe ya 12 Februari 1916, unatazama watu wa Salaita. Ukiona 11 au 12 Machi, ni watu wa Latema na Reata. Ukiona tarehe za miezi ambayo hapakuwa na mapigano makubwa, fikiria malaria, kuhara damu na homa nyingine. Katika vita vya Afrika Mashariki magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi.

Kisha tazama vikosi. Utasoma habari za watu waliozaliwa mbali sana na Kilimanjaro. Baadhi walikuwa vijana wa umri wa kumaliza shule.

Mwisho jiulize swali hili: ni majina mangapi ya Kiafrika nimeyasoma? Tume hiyo ilianzishwa kwa ahadi kwamba kila aliyekufa angekumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo wala dini. Kwa Afrika Mashariki ahadi hiyo haikutimizwa.

Waliokosa mawe

Jeshi lililopigana porini, mahali ambapo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, lilitegemea vichwa na mabega ya watu. Hao ndio wapagazi. Walibeba unga, risasi, mahema, vipande vya mizinga na majeruhi. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa watawala wa kikoloni nchini Kenya uwezo wa kuwachukua kwa lazima. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya alikabidhiwa John Ainsworth, na katika miezi michache walichukuliwa karibu watu 120,000. Machifu waliagizwa kutoa idadi, na vijiji vikabaki na wanawake, wazee na watoto.

Majina ya mitaa yanawakumbuka hadi leo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yote yanatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa na ndimi zetu.

Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa na wanahistoria kuwa si chini ya 95,000. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa. Watu waliozoea ndizi, mtama au viazi walipewa unga wa mahindi na muda mfupi wa kuupika. Uji mbichi mbichi uliwaharibu matumbo, na mtu aliyeharibika tumbo hakuweza kumaliza safari ya siku nyingi na mzigo kichwani.

Baada ya vita, maofisa waliamua kwamba Waafrika hawatawekewa jiwe kila mmoja. Badala yake ingejengwa minara michache ya pamoja. Baadhi ya sehemu walizozikwa ziliachwa zirudi kuwa pori. Minara hiyo ipo hadi leo: sanamu za askari katikati ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilizosimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Nairobi ina sanamu ya mpagazi pia, na maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Lakini ukiizunguka yote hutapata jina la mtu hata mmoja.

Jina lililopotea lilikuwa na gharama. Mpagazi alistahili mshahara. Maelfu walikufa kabla ya kulipwa, na fedha zao hazikufika kwa wajane na watoto, kwa maelezo kwamba haikujulikana wenyewe ni akina nani na wametoka wapi. Mtu aliandikwa vibaya na karani, au hakuandikwa kabisa, na familia ikapoteza baba pamoja na jasho lake.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ilitoa ripoti ikikiri hayo. Ilisema kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilitaja ubaguzi wa rangi kuwa sehemu ya sababu. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni, na tume ikaahidi kutafuta majina yanayoweza kupatikana.

Na wale wa Kasigau

Kuna kundi jingine ambalo hutalikuta katika mawe. Mwaka 1915 Wajerumani walivamia kituo cha Waingereza kwenye mlima wa Kasigau, kusini ya Voi. Waingereza waliwatuhumu wenyeji, ambao ni Wataita, kwamba waliwaongoza maadui. Wakawaadhibu wote kwa pamoja: nyumba zilichomwa, na watu, wakiwemo wanawake na watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa magonjwa na njaa. Kurudi kwao nyumbani kulichukua miaka mingi. Ukiwa Voi, ulizia habari hizi kwa wazee wa Kasigau. Nao ni watu waliokufa kwa sababu ya vita hivyo, ingawa hawakushika bunduki.

Unaweza kufanya nini nyumbani?

Kabla hujapanda matatu kwenda Taveta, anzia kwenu. Hakuna tena aliye hai kati ya waliobeba mizigo hiyo, lakini wapo wajukuu waliosikia habari zao kwa masikio yao wenyewe.

Muulize bibi au babu: nani katika ukoo wetu alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani? Aliitwa nani, jina la kuzaliwa na la utani? Alikuwa wa rika gani? Chifu wa wakati huo alikuwa nani? Aliondoka na nani kutoka kijiji hiki, na nani alirudi? Mrekodi kwa simu, kwa idhini yake, na mwombe atamke majina polepole. Kisha andika kwenye daftari pia, maana simu huibiwa na kuharibika.

Tazama kama kuna nishani ndani ya sanduku la zamani. Nishani za askari wa Uingereza za vita hivyo kwa kawaida zilichorwa kwenye ukingo wake namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Herufi ni ndogo. Ipige picha kwenye jua. Usiisugue kwa majivu wala mchanga, na usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Huenda ndiyo hati pekee ya babu yako iliyobaki duniani.

Tovuti ya Tume ya Makaburi ina sehemu ya kutafuta majina bila malipo, na inafunguka kwenye simu. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana wa shule anaweza kusaidia. Jaribu jina kwa tahajia tofauti. Karani mgeni aliandika alichodhani amesikia: Juma anaweza kuwa Jumah au Jooma. Usipopata kitu, usikate tamaa. Tumeeleza kwa nini wengi hawamo.

Ukijiandaa kwenda

- Kutoka Voi kuna matatu za Taveta. Kutoka Moshi unapita Holili, mwendo mfupi tu. Anayevuka mpaka apite kituoni akiwa na pasi au hati nyingine ya kusafiria inayokubalika, si njia za panya.
- Siku ya soko usafiri ni mwingi lakini mji una msongamano. Ukitaka utulivu makaburini, chagua siku nyingine.
- Salaita na vilima vingine usiende peke yako. Ni eneo la tembo na wanyama wengine. Mtafute mwenyeji anayeijua njia, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka.
- Ukiona ganda la risasi au kipande cha chuma, kiache. Bomu la zamani linaweza kulipuka hata baada ya miaka 100. Mwonye mtoto kwanza, kisha toa taarifa polisi.
- Beba maji. Jua la uwanda huo ni lile lile lililowatesa askari mwaka 1916.

Walimu wanaopeleka wanafunzi wanaweza kuwapa kazi moja rahisi: kila mtoto achague jiwe moja, anakili yaliyoandikwa, kisha kwenye ukurasa wa pili aandike jina la mtu wa ukoo wake aliyechukuliwa vitani, kama lipo. Kurasa hizo mbili zikiwekwa pamoja darasani, watoto wataona wenyewe ni nani alikumbukwa na ni nani aliyeachwa.

Mawe ya Taveta yataendelea kutunzwa, na ni vizuri, kwa sababu waliolala hapo nao walikuwa watoto wa watu. Majina ya wapagazi hayana mtunza bustani. Yamo vichwani mwa wazee wachache, na kila msiba wa mzee unaondoka na mengine. Ukienda Taveta, nenda ukiwa umeshauliza kwenu. Ukipata jina hata moja, lipeleke ukalitamke hapo makaburini, kisha lirudishe nyumbani uliandike.